Majonzi Yasiyo na Kaburi

Leo nataka kusema nanyi juu ya jeraha lisilotoka damu.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli iitwayo MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria, ikiwa karibu kufika Mwanza. Meli hiyo iliundwa ichukue abiria 430. Waliokufa hukadiriwa kuwa kama 800. Msiba ulifika hata huku Karagwe na Kyerwa, tulio mbali na ziwa.

Baadhi ya maiti walizikwa Igoma, Mwanza. Wengine hawakuonekana kamwe. Hapo ndipo penye neno langu. Desturi yetu ni kumzika mtu katika kibanja chake, kando ya migomba aliyoipanda. Kaburi huonekana kila siku. Macho hulizoea, na moyo hufuata macho. Lakini aliyekosa maiti hukaa akisikiliza njiani. Mlango ukibishwa usiku, hushtuka: labda ndiye! Miaka hupita, wala hathubutu kusema "marehemu". Watoto nao hawaambiwi lolote. Kumbe mtoto asiyeambiwa hujitungia habari zake, na mara nyingi hizo hutisha kuliko kweli.

Jeraha hili huwapata hata wasioguswa mwilini. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, wako watu wa Kagera waliolala nje, ijapokuwa nyumba zao zilisimama. Huo si wazimu wala uoga. Ni moyo uliopigwa, nao unakesha.

Basi, tufanyeje? Kwanza, tupashane habari za kweli tu, maana uvumi huzidisha hofu. Pili, tusimwambie mfiwa, "Nyamaza, sahau." Tumwache ataje jina la mtu wake, asimulie hata mara kumi. Tatu, ijapokuwa hakuna maiti, jamaa wakusanyike, waomboleze, waweke alama kibanjani, ili macho yapate pa kutulia. Kisha tumsaidie kurudi shambani, na watoto shuleni. Akiwa halali wala hali kwa majuma mengi, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila ya haya, kama apelekwavyo mwenye homa.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Nayo majonzi ni vivyo hivyo. Jioni ya leo, kama yuko jirani yako mwenye msiba wa namna hii, nenda ukaketi naye. Na akianza kusema, usimkatize.

Kwaherini.