Mbuzi na Harufu ya Mwanawe

Sisi wafugaji wa Murusagamba twajua ya kuwa mbuzi aliyezaa humpiga pembe mwanambuzi asiye wake. Je, amtambuaje aliye wake? Kwa pua. Mtoto apitapo katika njia ya uzazi, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ile ile ishushayo maziwa. Homoni hiyo huutayarisha ubongo kuishika harufu mpya. Mama amrambapo mwanawe, harufu yake humkaa. Lakini nafasi hiyo ni fupi. Mwaka 1964 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa dakika 5 za kuwa pamoja mara baada ya kuzaa zatosha. Wakitenganishwa kabla ya hapo kwa saa moja au zaidi, mara nyingi mama humkataa.

Basi tusimwondoe mtoto wala kumwosha kabla hajarambwa. Na akiwapo yatima, tumpake maji ya uzazi ya mbuzi anayezaa saa ile ile, tumweke puani pake, kisha tunawe mikono. Tukingoja kesho tutakuwa tumechelewa, na kazi ya kumlisha itatuangukia sisi.