Menyu ya Linux na Majina ya Nyumbani

Bibi aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, na sasa anaishi na wanawe Muscat au London, huketi mbele ya kompyuta ya familia akitaka kutazama picha za wajukuu. Akifungua menyu, hukutana na safu ya majina ya Kiingereza. Basi humngoja mtoto arudi kutoka shule.

Wengi huiona menyu hiyo kama amri isiyobadilika. Katika Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, sivyo ilivyo. Nyuma ya kila jina kwenye menyu kuna faili dogo la maandishi ya kawaida, ambalo jina lake huishia na neno desktop. Humo huandikwa jina la programu, picha yake, amri ya kuifungua na kundi lake.

Mafaili mengi ya aina hiyo hukaa katika folda ya mfumo, /usr/share/applications. Hapa ndipo watu hupoteza jasho lao: hubadilisha faili lilelile la mfumo, na programu inaposasishwa, kazi yote hufutika. Lililo salama ni kulinakili, bila kubadili jina lake, katika folda iliyofichika ya mtumiaji mwenyewe, .local/share/applications. Nakala hiyo huishinda ile ya mfumo. Ikifutwa, mambo hurejea yalivyokuwa.

Chini ya mstari wa kwanza wa Name huongezwa mwingine: Name[sw], alama ya sawasawa, kisha jina la Kiswahili. Kompyuta ikiwekwa katika lugha ya Kiswahili, jina hilo ndilo litakaloonekana. Programu isiyohitajika huandikiwa NoDisplay=true, nayo hutoweka machoni pasipo kuondolewa.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo hutafuta istilahi ya kumfaa kila mtu, na ndivyo inavyopasa. Menyu ya nyumbani haina wajibu huo. Inaweza kuandikwa “Picha za Wajukuu”, na bibi akajua pa kubonyeza. Hata hivyo, programu isiyotafsiriwa, ikishafunguka, itaendelea kuzungumza naye Kiingereza.