Jasho la Shavuni Wakati wa Kula

Leo twataka kusema nanyi habari ya jasho linalowatoka watu wengine shavuni kila walapo, baada ya kupasuliwa tezi ya mate.

Weka vidole mbele ya sikio lako, kisha uvishushe mpaka pembe ya taya. Hapo chini ya ngozi iko tezi kubwa ya mate. Tezi hii huweza kuota uvimbe. Mara nyingi uvimbe huo si saratani, lakini dawa yake ni kupasuliwa. Mtu wa Kharumwa mwenye uvimbe huo huenda akapelekwa Mwanza, katika hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Kazi hiyo yataka mkono mtulivu, maana mshipa wa fahamu unaoendesha uso wapita katikati ya tezi.

Kidonda hupona, na mtu hurudi shambani au machimboni. Miezi hupita, pengine mwaka au zaidi. Ndipo siku moja, anywapo uji wa ukwaju, shavu lililopasuliwa hupata moto na jasho hutiririka, na shavu la pili ni kavu kabisa.

Sababu yake yafahamika vema. Katika tezi mna nyuzi za mishipa ya fahamu ziiamuruzo itoe mate chakula kifikapo kinywani. Daktari aiondoapo tezi, nyuzi hizo hukatwa. Kisha huota tena polepole, zikitafuta tezi ambayo haipo. Zikutazo ni vijitezi vya jasho chini ya ngozi, navyo huzitii. Ni kama barua iliyopelekwa nyumba ya jirani, na jirani akaifungua akafanya yote yaliyoandikwa. Daktari wa Poland, bibi Łucja Frey, ndiye aliyeuonyesha mshipa huo mwaka 1923, alipomchunguza askari aliyejeruhiwa kwa risasi. Na ugonjwa waitwa kwa jina lake.

Twayasema haya kwa ajili ya sinia. Kwetu watu hula pamoja, na mwenye kutokwa jasho upande mmoja hutazamwa, huchekwa, mwisho hula peke yake gizani. Tena katika Usukuma wamekwisha kuuawa vikongwe kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba jasho hili limetumwa na bibi wa jirani. Haliambukizi, wala si dalili kwamba uvimbe umerudi.

Daktari akitaka kuhakikisha, hupaka iodini shavuni, huiacha ikauke, hunyunyiza wanga juu yake, kisha humpa mgonjwa ndimu alambe. Jasho litokapo, wanga huwa mweusi wa buluu. (Walimu mwaweza kuwaonyesha wanafunzi rangi hiyo kwa unga wa muhogo na tone la iodini.)

Wengi hutoshwa na kitambaa mfukoni na kupunguza vitu vichachu. Wengine hupaka dawa ya kuzuia jasho, kama ile ya kwapani. Wenye taabu kubwa huchomwa sindano ya botulini, sumu iliyopunguzwa ikawa dawa. Huikata amri ya mshipa kwa miezi kadhaa, kisha hurudiwa.

Lakini ukiona uvimbe mpya, au uso umelegea upande mmoja, hilo ni jambo jingine: rudi upesi kwa daktari, na karatasi yako ya hospitali mkononi.