"Hajawahi": neno moja kwenye tangazo la ajira

Nimepewa dakika tano na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Matangazo ya ajira za vyombo vya ulinzi na usalama mnayajua. Umri, vyeti, asiwe na michoro mwilini, halafu inakuja hii: awe hajawahi kutumia dawa za kulevya, asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Hajawahi. Siyo "hatumii". Aliyeonja bangi mara moja shuleni na anayevuta kila asubuhi wanawekwa kapu moja.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliomba nafasi kwenye chombo kimoja. Fomu ikauliza. Akanipigia: "Dada, niandike nini?" Alivuta mara mbili tatu sekondari, akaacha. Nikamwambia andika ukweli. Akaandika. Wenzake aliovuta nao wakaandika "sijawahi". Wao wakaitwa kwenye usaili, yeye hakuitwa. Hakuna aliyempa sababu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni bangi. Ila mama mdogo mpaka leo ananijibu kwa mkato.

Nikaenda kusoma wengine wanafanyaje. Marekani, mtu anayetaka kibali cha kushika siri za serikali anapimwa kwa mwongozo ulioanza kutumika Juni 2017, na mtu yeyote anaweza kuusoma. Anayetumia dawa haramu sasa hivi hapewi. Hiyo ni sheria. Lakini matumizi ya zamani yanapimwa: ni lini, mara ngapi, umri gani, umebadilika? Kosa la jinai hivyo hivyo. Ukikataliwa unapewa sababu kwa maandishi na una haki ya kujibu. Kinachowaangusha vibaya ni uongo: kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ni jinai, kifungo mpaka miaka 5. Sisemi kule ni peponi. Ila fomu yao inamtafuta mkweli, ya kwetu inamchuja.

Na mimi sitaki mlevi apewe bunduki, tusielewane vibaya.

Sasa hizo "kumbukumbu za uhalifu". Humu ndani wangapi mmelala mahabusu kwa sababu ya mkutano? Naona mikono. Kukamatwa siyo kutiwa hatiani. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. DPP akisema hana nia ya kuendelea na shauri, wewe huna hatia yoyote. Lakini alama za vidole zilishachukuliwa, na anayefanya upekuzi hakuulizi.

Ninachoomba baraza letu lipeleke juu: "hajawahi" itoke, iwekwe miaka inayohesabika, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Mliokamatwa, nendeni masjala ya mahakama mkachukue nakala ya hukumu au amri ya kuachiwa, muitunze. Asiyejua pa kuanzia tuonane hapo nje, nipo mpaka saa mbili.