Kibati na Gari Lenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo nilipendalo nje ya kazi. Wengine hupenda mpira. Mimi hupenda magari ya spoti ya zamani ya Kiingereza, na hasa vile vibati vya namba vilivyopigiliwa kiwandani kwa ribiti.

Kibati humpoteza asiyejua kukisoma. Twaeni MG TC, lililoanza kutengenezwa mwaka 1945. Gari la kwanza halikupewa namba 1, bali 0251. Je, yale 250 yalikwenda wapi? Hayakuwapo kamwe. Namba ya simu ya kiwanda, mjini Abingdon, ilikuwa 251!

Au Jaguar E-Type la mwaka 1961. Yale ya wazi yenye usukani wa kulia, kama haya yetu, yalianzia 850001. Yenye usukani wa kushoto, 875001. Mgeni atadhani yalitengenezwa magari laki nane na zaidi. Kumbe ya kila aina, hadi mwaka 1974, hayakufika 75,000.

Kibati hicho cha Jaguar kina namba ya gari, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Injini ikibadilishwa, namba haziafikiani tena. Tena kibati ni chepesi. Mjanja aweza kukibandua na kukipigilia kwingine. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hutazama pia namba iliyogongwa kwenye fremu, kisha huuliza kumbukumbu za kiwanda.

Hata kiwanda chenyewe chaweza kututatiza. Mwaka 1963 Jaguar walipanga kuunda E-Type nyepesi 18 za mashindano, wakaunda 12 tu. Namba sita zikalala vitabuni hadi mwaka 2014, walipotangaza kuyaunda yaliyobaki. Namba ni halali, lakini magari hayo hayakukimbia katika shindano lolote la miaka ile.

Kinyume chake ni Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda Le Mans mwaka 1929 na 1930. Baadaye lilibadilishwa karibu kila kitu. Mwaka 1990 mnunuzi alikataa kulipa, akidai silo lile. Kesi ikafika Mahakama Kuu, London. Jaji alifuata maisha ya gari hilo hatua kwa hatua, akaamua kwamba lastahili jina lake, kwa kuwa lilidumu kuwa gari lile lile bila kukatika.

Vijana, mimi ni mtu wa mafaili, siwezi kudharau karatasi. Cheti mtakachopewa hapa kitunzeni. Lakini jueni kwamba atakayewapa kazi atasoma kibati kwanza, kisha atafungua boneti.