Uratibu wa Dharura Jimboni California: Ombi la Msaada Lipite Wapi?



Tarehe 20 Oktoba 1991 moto uliosukumwa na upepo mkali ulivamia vilima vya Oakland, California. Watu 25 walifariki, makazi zaidi ya 3,000 yakateketea. Vikosi vya zimamoto vya miji ya jirani viliitikia wito, lakini midomo ya mabomba ya maji ya Oakland ilikuwa ya inchi 3, na mipira ya wageni wengi ilikuwa ya inchi 2.5. Viunganishi havikutosha. Mawasiliano ya redio nayo yakazidiwa.

Baada ya hapo Nicholas Petris, seneta wa jimbo hilo, alipeleka muswada. Sheria yake ilianza kutumika Januari 1993, ikaagiza uundwe mfumo mmoja wa kukabiliana na dharura, wenye ngazi tano: eneo la tukio, serikali ya mtaa, kaunti, kanda na jimbo. Mji ukizidiwa huiomba kaunti. Kaunti ikizidiwa, ombi hupanda. Juu kabisa ipo Ofisi ya Gavana ya Huduma za Dharura, yenye kituo cha operesheni Mather, karibu na Sacramento. Ofisi hiyo haimpokonyi mkuu wa zimamoto wa mji amri ya tukio lake. Inatafuta magari na watu waliko, inaamua nani apewe kwanza vikiwa haba, na mambo yakiwa makubwa zaidi inaibishia hodi serikali ya shirikisho.

Kifungu ninachokistahi kuliko vyote kinahusu fedha. Serikali ya mtaa isiyoutumia mfumo huo haistahili kurejeshewa na jimbo gharama za watumishi wake wakati wa dharura. Halmashauri huenda ikausahau waraka. Fedha yake haiisahau.

Hata hivyo, mfumo huo una pengo. Novemba 2018 moto uliteketeza mji wa Paradise, watu 85 wakafa, wengi wao wazee. Wakazi wengi hawakufikiwa na onyo lolote rasmi. Kwangu mimi hili ni funzo zito kuliko lile la mipira: magari ya msaada yanaweza kupangwa vizuri, na bibi anayeishi peke yake asijue kwamba anatakiwa kuondoka.

Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati kuanzia kijijini hadi taifani. Naziomba kamati za wilaya zilizopo hapa, kabla ya mvua za masika, zikutane na wilaya jirani na kuandikiana: nani aombwe nini, kwa namba gani ya simu, na nani atalipia mafuta ya gari litakalokuja. Na kila kijiji na mtaa kiandike majina ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wasioweza kukimbia wenyewe, na jina la jirani atakayewatoa.