Mti haushibi foto

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Goma na wa teritwari ya Nyiragongo, kisha salongo ya kupanda miti)



Nianze na haya yetu wenyewe, mbele ya kusemea wengine. Mwaka jana tulipanda miche 200 kaskazini mwa mji, fasi ya lava. Tuliimba, tulipiga foto, tuliweka kwenye ukurasa wetu, na ma-like yakaja mengi. Kisha kiangazi, mwezi wa tisa, nikarudia kuhesabu. Hata 40 haikufika. Kila mtu niliyemuuliza alinijibu: ni mbuzi. Kweli, mbuzi zilikula moja moja. Lakini mingi ilikuwa imekauka imesimama palepale, hakuna jino liliyoigusa, na urefu wake njo ule ule wa siku tuliipanda. Hata ile yenye kubaki hai ilikuwa na majani ya chini manjano. Ile si mbuzi, wandugu. Ile ni njaa.

Tunajua sisi wote kwamba mti unataka maji. Hapa Goma tunajua hata bei yake, sababu tunabeba bidoni. Lakini ni wangapi kati yetu walishaka kujiuliza mti unakula nini?

Watu wanasema udongo wa volkano ni tajiri, utupe mbegu tu. Hiyo ni kweli kwa udongo wa zamani, wa kule milimani Masisi, uliochukua miaka maelfu kuiva. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji wetu, ile ya Mei 2021 ilifika mpaka Buhene. Hiyo bado ni jiwe. Ndani ya jiwe muko potasi, muko fosfori, muko kalsiamu, lakini vimefungwa kama feza ndani ya kofuli: mzizi wa mche mdogo hauwezi kuifungua haraka. Na chakula kimoja hakimo kabisa ndani ya jiwe, ni azoti. Azoti inatoka hewani na kwenye vitu vilivyooza. Njo maana juu ya lava mpya kunaanza kuota vile vitu vyeupe-vyeupe vinavyonata kwenye jiwe, kisha fugefuge na majani madogo. Vinakufa, vinaoza, na polepole udongo unajengwa. Sisi tulitaka kuruka hiyo kazi yote kwa asubuhi moja ya salongo.

Mche mwenyewe unasema, ukijua kuuangalia. Azoti ikikosa, majani ya zamani ya chini njo yanaanza kuwa manjano, sababu mti unayanyang'anya chakula ili kulisha majani mapya. Fosfori ikikosa, mche unadumaa, majani yanageuka rangi ya zambarau, mizizi inabaki mifupi. Potasi ikikosa, kingo za majani ya zamani zinaungua kama zimepita kwenye moto. Piga foto ya hiyo! Hiyo itatusaidia kuliko foto ya shefu akishika jembe.

Sasa tuingie kwenye kitalu, ile tunaitaga pepinieri. Mwaka jana tulijaza sashe na udongo wowote tuliokuta karibu. Kosa la kwanza. Udongo wa sashe unataka mchanganyiko: udongo mweusi wa juu, mboleo iliyooza vizuri, na mchanga kidogo ili maji yapite. Nasema iliyooza. Mavi mabichi ya ng'ombe ama ya kuku yanaunguza mizizi, na tulishaua miche kwa njia hiyo pia, tena kwa upendo mwingi. Ongeza konzi moja ya udongo kutoka chini ya mti mkubwa wa aina ile ile, wenye afya. Ndani yake muko uyoga mdogo usioonekana kwa macho, unaojifunga kwenye mizizi na kuitafutia fosfori fasi mzizi wenyewe haufiki. Msonobari bila huo uyoga karibu hauendi popote.

Na musidanganywe na urefu. Mche uliolishwa azoti kupita kiasi unapanda haraka, mrembo, laini, kichwa kikubwa na mizizi midogo. Ukiutoa pepinieri na kuupeleka kwenye jua la Kibati, unaanguka wiki ya kwanza. Wiki za mwisho, punguzeni mboleo, punguzeni maji, toeni kivuli kidogo kidogo. Mche mfupi wenye shina gumu njo wetu.

Mboleo itatoka wapi, na feza hatuna? Nendeni soko ya Virunga jioni. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi, majani ya maharagi, yote yanaoza kwenye rundo pamoja na sashe, na sisi tunapiga kelele kila mwaka juu ya takataka. Tuko na haki ya kupiga kelele. Lakini nusu ya ile harufu ni chakula cha miti yetu. Tenga plastiki, fanya rundo, geuza, ngojea miezi mitatu ama mine. Na mkojo, musicheke, ukichanganywa na maji mara kumi, una azoti ya bule.

Pale kwenye lava, usitoboe kashimo ka kuficha sashe. Vunja jiwe, jaza udongo na mboleo, kisha panda. Heri miti 30 iliyokula kuliko 200 yenye njaa. Na changanya: katikati ya grevilea ama mikaratusi weka kaliandra ama akasia, sababu mizizi yao inaishi na vijidudu vinavyoshika azoti ya hewani. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, kuko mchanga maskini kabisa, na watu walipanda karibu hektari 8.000 za akasia. Familia zinakata, zinachoma makala, zinalima muhogo na mahindi palepale, kisha akasia inaota tena. Majani yanabaki chini yakioza, hakuna anayeyafagia. Kwetu tunakata mkaratusi, tunabeba mpaka majani na maganda, halafu tunashangaa mzunguko wa tatu unatoka mwembamba.

Palilia pia, miaka miwili ya kwanza. Ukitia mboleo bila kupalilia, umelisha nyasi.

Sasa wakubwa. Mwaka 2019 serikali ilitangaza miti miliari moja mpaka 2023. Kila tarehe 5 Desemba, siku ya mti, jembe zinatoka na kamera zinatoka. Sisi tuulize tofauti. Tusiulize tena mumepanda mingapi. Tuulize: iliyo hai kisha miaka miwili ni mingapi? Bajeti ya mboleo na ya kupalilia iko wapi? Nani analipwa kurudi pale? Makala ya mji huu inatoka mingi ndani ya parke ya Virunga, na watu wanakufa juu yake. Shamba la miti lililokufa kwa njaa ni gunia zingine zitakazotoka parke.

Lakini hatuwezi kuuliza hivyo na zetu zaidi ya 160 zimekufa. Kwa hiyo posho, saa moja asubuhi, kila mtu aje na ndoo ya maganda kutoka kwao, bila plastiki ndani. Daftari iko kwa dada anayeshika pepinieri. Andika jina lako mbele ya miti 10, usiandike zaidi ya ile utaweza kurudilia mpaka kiangazi kingine.